Kutoka Rasimu ya Penseli Hadi Mchoro Safi wa Kompyuta: Istilahi na Kazi Yake

Miaka michache iliyopita tulipokea barua fupi kutoka kwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Alikuwa amepelekewa nakala za majaribio za kitabu kipya, naye akatuarifu kwamba wanafunzi wake walikuwa wakimwuliza swali asiloweza kulijibu kwa kukitazama kitabu kile: panzi huyu anapumulia wapi? Ubavuni mwa panzi aliyechorwa palikuwa na mshale, na kando ya mshale yaliandikwa maneno “kitundu cha kupumulia”. Lakini mshale wenyewe ulielekea mahali patupu. Panzi halisi ana jozi 10 za vitundu hivyo, jozi 2 kifuani na jozi 8 tumboni. Panzi wa kitabuni hakuwa na hata kimoja. Mwalimu alituandikia sisi, wala si mchapishaji, kwa kuwa alidhani kosa lilikuwa katika jina la kiungo.

Tulipofuatilia, tuligundua kwamba jina lilikuwa sahihi na mchoraji alikuwa hodari. Katika karatasi yake ya penseli vitundu vyote vya ubavu ule vilionekana, kila kimoja mahali pake. Vilipotea wakati mchoro ulipokuwa ukisafishwa kwa kompyuta. Aliyeusafisha alifuata mwongozo uliotafsiriwa kwa Kiswahili, na mwongozo huo ulimwambia hivi: “Futa uchafu wote usiozidi pikseli 12.” Tafsiri hiyo ilikuwa yetu. Tulisema uchafu, naye akafuta.

Tangu hapo tumejifunza kazi hii kwa kukaa na wachoraji wenyewe, na katika makala haya tutaieleza hatua kwa hatua pamoja na istilahi tunazozipendekeza. Hatukusudii kutoa orodha ya maneno peke yake. Mfasiri aweza kupata neno zuri la Kiswahili kwa kila neno la lugha ya kigeni, na hata hivyo asimsaidie mtu yeyote, ikiwa haelewi mtendaji atafanya nini akishalisoma neno hilo.

Rasimu na mchoro wa mistari

Mchoraji huanza na penseli. Akitafuta mkunjo wa mguu wa panzi hupiga mstari mmoja, kisha wa pili kando yake, kisha wa tatu, mpaka aridhike. Karatasi yake huwa na mistari mizito na hafifu, vivuli, alama za vidole, na mabaki ya raba. Hii twaiita rasimu ya penseli. Neno rasimu limezoeleka maofisini kwa maana ya andiko la kwanza la barua au sheria, lakini asili yake ni Kiarabu, na huko shina lake lahusu kuchora. Kwa hiyo tukilitumia kwa kazi ya mchoraji hatulilazimishi, bali twalirudisha nyumbani.

Kila mara penseli inapogusa karatasi, ikavutwa, na kuinuliwa, panatokea mpigo. Twapiga mstari kwa Kiswahili tangu zamani, na jina hilo limetoka katika kitenzi hicho. Tofauti ya mpigo na mstari ni muhimu: mipigo minne ya penseli yaweza kuwa ni mstari mmoja tu katika nia ya mchoraji. Katika mwongozo wetu wa kwanza yote hayo tuliyaita mistari, na wasomaji hawakuweza kujua ni kipi kinachoachwa na kipi kinachoondolewa.

Kinachotakiwa mwishoni ni mchoro wa mistari, yaani mchoro wenye weusi na weupe tu, usio na kijivu, ambao kila mstari wake umekusudiwa. Walimu waliopata kukata stensili wanaifahamu hali hii. Kalamu ya chuma ilipokwangua nta, wino ulipita, isipokwangua, haukupita. Vitabu vya shule hupendelea michoro ya namna hii kwa sababu huchapika vizuri hata kwa mashine duni na karatasi hafifu, na mwanafunzi aweza kuinakili kwa mkono daftarini mwake.

Kuskani na pikseli

Hatua ya kwanza ni kuiingiza rasimu katika kompyuta. Skana hupitisha taa chini ya kioo, ikapima nuru inayorudi kutoka karatasini. Kwa kitendo hiki yamependekezwa maneno kuchanganua na kutambaza. Kuchanganua tayari kuna kazi yake: twachanganua sentensi na hesabu za matumizi, na mchoraji akiambiwa achanganue mchoro atadhani ametakiwa aufafanue. Kutambaza kuna sifa njema, maana taa ya skana hutambaa kweli. Lakini ofisini na madukani watu husema kuskani, na kitenzi hicho kimetengenezwa kwa namna ile ile iliyotupatia kuripoti. Tunakumbuka kwamba yalibuniwa maneno ngamizi na tarakilishi. La kwanza halikushika, la pili lasikika zaidi nchini Kenya, na kompyuta likaenea kote. Kwa hiyo tunashauri skana kwa mashine, na kuskani kwa kitendo.

Skana haioni panzi. Hugawanya ukurasa katika viraba vidogo vilivyopangwa kwa safu, na kwa kila kiraba huandika namba moja ya kiasi cha mng’ao. Kiraba hicho ni pikseli. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani waliiingiza katika kompyuta picha ya mtoto wake mchanga, yenye pikseli 176 kwa 176, yaani pikseli 30,976 kwa jumla. Leo ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi hutoa pikseli 2,480 kwa 3,508, nazo hukaribia milioni 8.7. Ukiskaniwa kwa pikseli 600 kwa inchi, hesabu hiyo huwa mara nne.

Je, tungeweza kuiita pikseli nukta? Tulilifikiria jambo hili kwa muda. Lakini nukta ni alama ya kumalizia sentensi, ni alama ya hesabu, na tena ni kitu ambacho mchoraji hukichora kwa makusudi. Maadamu katika kazi hii hatari kubwa ni kuchanganya alama ya mchoraji na alama ya mashine, imetubidi tuyaache majina mawili: nukta ni ya mkono, pikseli ni ya mashine. Wingi wa pikseli kwa inchi twauita msongamano wa pikseli. Picha iliyofanywa kwa pikseli ni picha ya pikseli.

Kizingiti

Namba za mng’ao kwa kawaida huanzia 0, ambayo ni weusi kamili, hadi 255, ambayo ni weupe kamili. Karatasi ya kawaida haifiki 255. Tuseme ina 235. Penseli iliyokandamizwa yaweza kuwa 90, na mpigo hafifu 180. Ili kupata mchoro usio na kijivu, kompyuta hupewa namba moja, na kuanzia hapo kila pikseli iliyo chini ya namba hiyo huwa nyeusi, nyingine zote nyeupe.

Namba hiyo zamani tuliiita kikomo. Neno hilo halifai, kwa sababu hapana kinachokoma. Twapendekeza kizingiti. Kila msomaji anakijua kizingiti cha mlango: ukikivuka umo ndani, usipokivuka uko nje, wala hapana pa kusimama katikati. Katika mfano wetu, kizingiti kikiwekwa kwenye 128, mipigo hafifu ya 180 itapotea yote. Kikiwekwa kwenye 220, mipigo hiyo itabaki, lakini pamoja nayo vitaingia alama za vidole na kivuli cha karatasi iliyokunjamana.

Mwaka 1979 mtaalamu wa Kijapani, Nobuyuki Otsu, alitangaza njia ya kuiachia kompyuta ikichague kizingiti chenyewe. Kompyuta huzipanga namba zote za mng’ao, kisha hutafuta mahali pa kuzigawa katika makundi mawili ili tofauti ndani ya kila kundi iwe ndogo iwezekanavyo. Njia hii husaidia sana iwapo karatasi imeangazwa sawasawa. Iwapo upande mmoja una kivuli, kizingiti kimoja hakitoshi kwa ukurasa mzima, na hapo kompyuta huagizwa iweke kizingiti mahalimahali, kila eneo na chake.

Wachoraji wengine huikwepa taabu hii mapema. Huchora rasimu kwa penseli ya buluu nyepesi, kisha hupitisha mstari wa mwisho juu yake kwa penseli nyeusi au wino. Ukurasa huskaniwa kwa rangi. Picha ya rangi huhifadhiwa kwa mikondo mitatu, yaani mwekundu, kijani na buluu. Na katika mkondo wa buluu mipigo ya buluu huwa na mng’ao unaokaribia ule wa karatasi nyeupe, hivyo ikatoweka. Hapa mchoraji mwenyewe amekwisha kusema, kwa rangi, kipi ni cha kutafutia na kipi ni cha kubaki.

Madoa mageni

Sasa twafika pale tulipokosea. Baada ya kizingiti, mchoro huwa umetapakaa vijidoa vyeusi: vumbi la kioo cha skana, chembe za raba, nyuzi za karatasi. Programu huweza kuviondoa kwa kuhesabu pikseli zilizoshikana. Kila kundi dogo kuliko kiasi fulani hufutwa.

Tazama hesabu ya panzi wetu. Kitundu kilichochorwa kwa upana wa milimita 0.3, kikiskaniwa kwa pikseli 300 kwa inchi, huwa na upana wa pikseli tatu na nusu hivi, na eneo lisilofika pikseli 10. Mwongozo ulisema lifutwe lolote lisilozidi 12. Lau ukurasa ule ule ungeskaniwa kwa pikseli 600 kwa inchi, kitundu kile kile kingekuwa na pikseli 39 hivi, nacho kingesalimika. Kwa hiyo agizo la kufuta kwa kiasi cha pikseli halina maana yoyote mpaka msongamano wa pikseli utajwe pamoja nalo. Hilo ni kosa la kwanza la mwongozo wetu.

La pili, lililo kubwa zaidi, lilikuwa katika neno uchafu. Lugha tuliyoitafsiri hutumia hapa neno la kelele, kwa mfano wa mkwaruzo unaosikika redioni. Tuliona kwamba kelele za picha zingemshangaza msomaji, tukachagua uchafu kwa kuwa lilikuwa neno jepesi. Lakini uchafu huhukumiwa kwa macho. Kitu kidogo, cheusi, kisicho na umbo la kupendeza, ni uchafu. Na kitundu cha kupumulia cha panzi ni kidogo, cheusi, na hakina umbo la kupendeza.

Kinachohitajika ni istilahi inayouliza asili ya alama badala ya sura yake. Twapendekeza doa geni, na kwa wingi madoa mageni: alama iliyoletwa na karatasi, vumbi au mashine, isiyotoka katika mkono wa mchoraji. Mtendaji akisoma “futa madoa mageni” hulazimika kuitazama tena rasimu ya karatasi na kuuliza, je, alama hii ni mwenyeji au mgeni? Swali hilo ndilo lililokosekana katika mwongozo wetu wa kwanza, na kukosekana kwake kulitokana na neno moja.

Kufuatisha: mzingo na uti

Mchoro uliokwisha kusafishwa bado ni wa pikseli, na ukikuzwa kingo zake huonyesha meno kama ya msumeno. Ndiyo sababu mara nyingi hufuatishwa ili upatikane mchoro wa vekta. Vekta ni neno linalojulikana katika hisabati na fizikia, nasi hatuoni haja ya kulibadili. Katika mchoro wa vekta mstari hauhifadhiwi kama viraba, bali kama hesabu: nukta nanga zinazoushikilia, na mipini inayovutwa ili upinde huku au kule. Hesabu zinazotumiwa sana huitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault ya Ufaransa, aliyezieneza katika miaka ya 1960. Paul de Casteljau wa kampuni ya Citroën alikuwa amezifikia mwaka 1959. Mstari wa namna hii ukikuzwa mara 100 hubaki laini.

Kufuatisha kwaweza kufanywa kwa mkono. Rasimu huwekwa katika tabaka la chini na kufifishwa, na mchoraji huchora upya katika tabaka la juu kwa kalamu ya kielektroniki. Tabaka hapa ni kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya nyingine, na jina hilo limekwisha zoeleka katika jiografia kwa matabaka ya miamba.

Kwaweza pia kufanywa na programu, na hapo mfasiri awe mwangalifu, kwani njia ni mbili. Njia ya kwanza hufuatisha mzingo. Programu ya Potrace, iliyotolewa na Peter Selinger mwaka 2001, hufanya hivyo: huyachukua maeneo meusi na kuyachorea ukingo. Mstari wa penseli, ambao machoni petu ni kitu kimoja, kwa programu hii ni eneo jembamba lenye kingo mbili. Unene wa mstari huhifadhiwa vizuri, lakini mchoraji akitaka kuunyoosha mguu wa panzi atakuta ana kingo mbili za kusogeza. Njia ya pili hutafuta uti wa mstari. Pikseli za pembezoni huondolewa kidogo kidogo kutoka pande zote, mpaka ubaki uzi mmoja wa katikati. Kitendo hiki twakiita kukondesha, na mojawapo ya njia zake zinazojulikana sana ilitangazwa na Zhang na Suen mwaka 1984. Uti hurahisisha masahihisho, lakini unene wa asili hupotea, na pale mistari inapokutana huweza kuota vijitawi visivyokusudiwa.

Kuyaita yote mawili “kupata mstari” ni kumnyima mtendaji chaguo lake. Mzingo wanafunzi wetu wanaujua katika hisabati, na uti kila mtu anao mgongoni.

Je, mashine yaweza kuchagua?

Wengine watasema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa sasa ziko kompyuta zinazojifunza kusafisha michoro zenyewe. Ni kweli. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, walionyesha mfumo uliofunzwa kwa jozi za michoro, rasimu na mchoro safi wake. Jambo la kuvutia ni namna walivyozipata jozi hizo: waliwapa wachoraji mchoro safi, wakawataka wauchoree rasimu juu yake, ili viwili hivyo vilingane barabara. Yaani hata mashine ilibidi ionyeshwe kwanza, na mikono ya watu, uhusiano wa mipigo mingi na mstari mmoja.

Historia ya filamu za katuni yatufundisha jambo hilo hilo. Katika studio za Disney, kwa miaka mingi, michoro ya penseli ilifuatishwa kwa wino na mafundi waliochagua mstari mmoja kati ya mipigo mingi. Katika filamu ya One Hundred and One Dalmatians ya mwaka 1961, michoro ilihamishwa moja kwa moja kwa mashine ya kunakili, na mipigo ya penseli ikaonekana wazi kwenye skrini. Wengine waliipenda sura hiyo, wengine hawakuipenda. Kilichokuwa wazi ni kwamba wale mafundi hawakuwa wakiosha karatasi; walikuwa wakiamua. Mashine yaweza kupunguza kazi ya mkono, lakini kujua kwamba alama ile ubavuni ni kiungo cha kupumulia si elimu ya mistari, ni elimu ya panzi.

Istilahi zinazopendekezwa

Doa geni (madoa mageni): alama iliyoingizwa na vumbi, karatasi au mashine, isiyotoka kwa mchoraji.
Kizingiti: namba ya mng’ao inayotenga weusi na weupe.
Kufuatisha: kuchora upya juu ya mchoro uliopo, kwa mkono au kwa programu.
Kukondesha: kupunguza pikseli za pembezoni mpaka ubaki uti.
Kuskani: kuingiza picha ya karatasi katika kompyuta kwa skana.
Mchoro wa mistari: mchoro wa weusi na weupe tu, ambao kila mstari umekusudiwa.
Mkondo wa rangi: sehemu ya picha inayohifadhi rangi moja ya msingi.
Mpigo: alama ya penseli tangu inapogusa karatasi hadi inapoinuliwa.
Mpini: kivutio cha kuupindia mstari wa vekta.
Msongamano wa pikseli: idadi ya pikseli katika urefu wa inchi moja.
Mzingo: ukingo wa eneo jeusi.
Nukta nanga: nukta inayoushikilia mstari wa vekta.
Rasimu ya penseli: mchoro wa awali ambao bado una mipigo ya kutafutia.
Tabaka: sehemu ya mchoro iliyo kama karatasi angavu, iliyo juu au chini ya nyingine.
Uti wa mstari: mstari mwembamba wa katikati unaobaki baada ya kukondesha.

Mwongozo wetu umekwisha kusahihishwa. Mahali pa sentensi iliyomkosesha panzi pumzi pamewekwa maneno haya: “Taja kwanza msongamano wa pikseli. Futa madoa mageni tu. Alama iliyomo katika rasimu ya karatasi isifutwe kabla ya kuulizwa mchoraji.” Kitabu kiliporudishwa kwa mwalimu yule, vitundu vilikuwa mahali pake.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wanaotumia miongozo ya namna hii watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi, hasa zile zitakazowakwaza watendaji kazini. Neno likimfanya mtu akosee, twapenda kulijua mapema, kabla halijazoeleka.